Vidonge vya manjano: Kinachofika kwenye damu na kinachopotea njiani

MKULIMA wa Ndalu anayeumwa na magoti hahitaji kwenda mbali siku hizi ili auziwe manjano kama dawa. Unga wake umo dukani, katika pakiti ndogo zilizopangwa kando ya chumvi na majani chai. Vidonge vyake vimo katika maduka ya dawa mjini Kitale na Bungoma, ndani ya chupa zenye maandishi yanayoahidi kwamba vitatuliza viungo, vitasafisha ini, vitashusha sukari na kuimarisha kinga ya mwili. Na asipovifuata yeye, vyenyewe humfuata, kwani mawakala wa virutubisho hupita vijijini na katika vikundi vya akina mama wakiwa na chupa hizo mkobani.

Ndalu iko katika eneobunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Trans Nzoia. Ni nchi ya mahindi. Pesa za mavuno hugawanywa kati ya karo, mbolea ya msimu ujao na matibabu, na chupa ya vidonge inaponunuliwa kila mwezi, kuna jambo jingine linaloachwa. Ndiyo maana ni haki ya mnunuzi kuuliza swali ambalo maandishi ya chupa aghalabu hayalijibu: kati ya kile anachokimeza, ni kiasi gani hasa kinachofika kwenye damu yake? Na kikifika, kinafanya nini?

Manjano, au binzari kama wengine wanavyoyaita, ni mzizi wa mmea wa jamii moja na tangawizi. Pwani ya Afrika Mashariki yamejulikana kwa muda mrefu kiasi kwamba rangi yenyewe ya manjano imechukua jina lake kutoka kwa kiungo hiki. Huko hutiwa kwenye mchuzi na hupakwa bi harusi mwilini pamoja na singo. Bara, yalienea zaidi kupitia maduka ya Wahindi. Kisha ukaja mwaka wa 2020 na janga la Covid-19, ambapo familia nyingi zilianza kuchemsha tangawizi, malimau na manjano kila asubuhi. Janga lilipopungua, mazoea hayo hayakuisha, na wauzaji wa vidonge walikuwa tayari wamepata wateja.

Sifa karibu zote zinazotajwa kuhusu manjano hutokana na kemikali moja iitwayo kurukumini, ambayo ndiyo inayoyapa rangi. Ilitenganishwa na mzizi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1815 barani Ulaya, na umbo lake likabainishwa mnamo 1910. Maabarani ina tabia za kuvutia. Ikitiwa kwenye seli zilizovimba, huzima baadhi ya ishara zinazochochea uvimbe. Ikitiwa kwenye seli za saratani, nyingi hufa. Matokeo ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa maelfu ya makala za kisayansi na, baada ya hapo, matangazo ya biashara.

Hata hivyo, kurukumini ni sehemu ndogo sana ya manjano. Katika unga wa kawaida hukadiriwa kuwa takriban asilimia 3 ya uzito. Kijiko cha chai cha unga huo kina uzito wa gramu 3 hivi, kwa hivyo mpishi anayekimimina chote sufuriani ametia kurukumini isiyozidi miligramu 90, na kiasi hicho kitagawanywa kati ya walaji wote wa nyumba ile.

Vidonge navyo ni vya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa ijapokuwa kwa macho vinafanana. Kuna kidonge kilichojazwa unga tu. Kikiwa na miligramu 500, kurukumini iliyomo ni kama miligramu 15, yaani chini ya ile ya robo ya kijiko. Anayekinunua amenunua kiungo cha jikoni kwa bei ya dawa. Aina ya pili ni ile iliyokamuliwa na kukolezwa hadi ikawa kurukumini kwa asilimia 95. Kidonge kimoja cha miligramu 500 cha aina hii kina kurukumini ya miligramu 475, ambayo ni sawa na unga wa gramu 16, au zaidi ya vijiko vitano vya chai. Hakuna mpishi wa kawaida, awe wa Mombasa au wa Mumbai, anayemtilia mtu mmoja kiasi hicho katika mlo mmoja.

Kipo kipimo cha kulinganishia. Kamati ya pamoja ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, ambayo huchunguza rangi na viungo vinavyotiwa kwenye vyakula, iliweka kiwango cha kurukumini ambacho mtu anaweza kula kila siku maishani bila wasiwasi. Ni hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtu mwenye kilo 60, hiyo ni miligramu 180 kwa siku. Kidonge kimoja kilichokolezwa kimekwisha kupita kiwango hicho zaidi ya mara mbili, na maelezo ya chupa nyingi huagiza viwili au vitatu.

Je, mbona watu hawaugui kwa wingi? Jibu ni kwamba mwili huikataa kurukumini. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hivyo sehemu kubwa hupita matumboni na kutoka na choo bila kuguswa. Ile kidogo inayopenya ukuta wa utumbo hukamatwa hapo hapo na tena kwenye ini, ikaunganishwa na aina ya sukari, ikapoteza umbo lake na kutolewa mwilini. Isitoshe, kemikali hii haivumilii hali ya magadi. Mpishi wa Bungoma anaweza kuliona hilo jikoni mwake: akiyatia manjano kwenye munyu, ile chumvi ya kienyeji inayochujwa kutoka kwa majivu ili kulainisha mboga, yatageuka kuwa mekundu. Ndivyo pia doa la manjano kwenye nguo linavyogeuka linapoguswa na sabuni. Utumbo mdogo hauna ukali wa munyu, lakini umeegemea upande huo, na hata hali hiyo hafifu inatosha kuanza kuivunja kurukumini baada ya dakika chache tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulidhihirisha jambo hili. Watu 24 wenye afya walipewa kurukumini kwa mkupuo mmoja, wengine miligramu 500, wengine zaidi, hadi kufikia miligramu 12,000. Miongoni mwa waliomeza hadi miligramu 8,000, haikuonekana kabisa katika damu. Ilionekana kwa watu wawili tu waliokuwa wamepewa vipimo vikubwa zaidi, tena kwa uchache. Mtu anaweza, kwa maneno mengine, kumeza nusu ya chupa na bado damu yake isiwe na habari.

Watengenezaji wa vidonge wanalijua tatizo hili vyema, na dawa yao imekuwa pilipili manga. Mwaka wa 1998 watafiti wa Bangalore, India, walitangaza matokeo ambayo hadi leo hunukuliwa kwenye chupa kote duniani. Waliwapa watu wanane gramu 2 za kurukumini, kisha wakarudia wakiwa wamewaongezea miligramu 20 za piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake. Kiasi kilichofika kwenye damu kiliongezeka kwa asilimia 2,000.

Tarakimu hiyo ni ya kweli, lakini msomaji anafaa kuitazama mara mbili. Ongezeko la asilimia 2,000 ni zaidi ya mara ishirini ya kiasi cha mwanzo, na kiasi chenyewe cha mwanzo kilikuwa karibu na sufuri. Aidha, kilipanda katika saa ya kwanza kisha kikashuka upesi. Tangu wakati huo zimebuniwa njia nyingine, kama vile kuifunga kurukumini ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta ili ipenye kwa urahisi, na vidonge vya namna hiyo ndivyo ghali zaidi sokoni.

Basi, iliyofika kwenye damu inasaidia? Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu magoti. Mwaka wa 2014 madaktari wa Thailand walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 367 wenye ugonjwa wa kulika kwa magoti. Nusu yao walipewa manjano yaliyokamuliwa, miligramu 1,500 kwa siku, na nusu dawa ya maumivu aina ya ibuprofen, kwa wiki nne. Maumivu yalipungua kwa viwango vilivyokaribiana katika makundi yote mawili, na waliomeza manjano walilalamika kidogo kuhusu tumbo. Mnamo 2023, uchunguzi mwingine wa Thailand uliwahusisha wagonjwa 206 wenye kiungulia na kujaa tumbo bila kidonda, na ukaonyesha kwamba kurukumini iliwasaidia kwa kiwango kilichokaribiana na cha omeprazole. Kwa mkulima mwenye goti bovu, hayo si mambo ya kupuuza.

Nje ya hapo, uwanja unapungua upesi. Makala ya uchambuzi iliyochapishwa mwaka wa 2017 katika jarida la kemia ya dawa la Marekani ilipitia kazi nyingi kuhusu kurukumini, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu. Waandishi wake walisema hawakupata hata jaribio moja lililofuata utaratibu mkali wa kulinganisha dawa na kidonge bandia ambalo lilikuwa limefaulu. Walieleza pia kwamba kemikali hii ina tabia ya kuvuruga vipimo vya maabara, hivi kwamba huonekana kama inaponya hata pasipo na uponyaji. Sifa zake kuhusu saratani zilitiwa doa zaidi pale makala zaidi ya kumi za mtafiti mmoja mashuhuri wa Texas zilipofutwa na majarida yaliyozichapisha. Hadi sasa hakuna mamlaka kuu ya dawa iliyoidhinisha kurukumini kuwa tiba ya saratani au ya kisukari, na mgonjwa anayeacha dawa za hospitali kwa ajili ya chupa hiyo anacheza na uhai wake.

Lakini kuna upande mwingine ambao haujadiliwi vya kutosha. Kwa muda mrefu usalama wa manjano umetokana na ule ule ugumu wa mwili kuyapokea. Piperini na vifuko vya mafuta vinapouvunja ugumu huo, usalama nao unapungua.

Ini ni kama askari wa lango. Piperini haimshawishi askari huyu amruhusu mgeni mmoja tu apite. Humlaza usingizi, na kila aliyekuwa akingoja langoni hupita naye. Majaribio yameonyesha kwamba piperini huongeza kiasi cha dawa za kifafa aina ya phenytoin na carbamazepine katika damu, pamoja na propranolol ya moyo na shinikizo la damu, na theophylline ya pumu. Mwaka wa 2007 ilibainika kwamba hata nevirapine, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, ilipanda kwa kiwango kikubwa ilipomezwa pamoja na miligramu 20 za piperini, kiasi kile kile cha utafiti wa Bangalore. Phenytoin ni dawa ambayo kipimo chake cha kutibu na kile cha kudhuru havipishani sana. Mgonjwa wa kifafa ambaye alikuwa ametulia kwa kidonge kile kile kwa miaka mingi anaweza kuanza kuyumba na kuona maluweluwe, na asijue kwamba kilichobadilika ni kirutubisho alichouziwa na jirani.

Kwa wanaotumia warfarin ili damu isigande, hatari ni ya moja kwa moja. Mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa onyo mwaka wa 2018 baada ya mgonjwa mmoja aliyekuwa ametulia kwa warfarin kuanza kumeza bidhaa ya manjano. Kipimo chake cha kuganda kwa damu, ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilipita 10. Katika hali hiyo mtu anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo bila kugongwa na chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetarajia kufanyiwa upasuaji huagizwa aache vidonge hivi wiki mbili kabla.

Na kuna suala la ini, kiungo ambacho chupa nyingi hudai kukisafisha. Mnamo 2019 Wizara ya Afya ya Italia ilitangaza visa zaidi ya kumi vya watu walioshikwa na homa ya ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano. Nchini Marekani, mtandao wa madaktari wanaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini ulieleza kuhusu wagonjwa 10 walioonekana kati ya 2011 na 2022. Watano walilazwa hospitalini na mmoja akafariki. Saba kati ya hao 10 walikuwa na alama moja ya kurithi katika mfumo wa kinga, jambo linaloashiria kwamba baadhi ya watu huzaliwa wakiwa katika hatari zaidi, bila wao kujua. Mamlaka ya dawa ya Australia nayo ilionya umma mwaka wa 2023 baada ya kupokea ripoti 18, kikiwemo kifo kimoja.

Visa hivi ni vichache vikilinganishwa na mamilioni ya watumiaji, na wengi wa walioathirika hupona wakiacha vidonge. Taabu ni kuvitambua. Dalili yake kuu ni macho kugeuka rangi ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, uchovu na mwili kuwasha. Magharibi mwa Kenya, macho ya manjano yana maelezo mengi yaliyo karibu: malaria, homa ya ini inayosababishwa na virusi, na selimundu, maradhi ya damu ya kurithi ambayo yameenea katika eneo hilo. Mgonjwa anapoulizwa ni dawa gani anazotumia, hujibu kwa moyo mweupe kwamba hatumii yoyote, kwani manjano kwake si dawa. Chupa hubaki kabatini, naye akirudi nyumbani huendelea kuimeza, tena kwa bidii, kwa kuwa imeandikwa kwamba husafisha ini.

Wapo wengine wanaofaa kujihadhari. Kurukumini hushikana na madini ya chuma yaliyo katika chakula na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini, kwa hivyo vidonge vilivyokolezwa havimfai mama mjamzito wala msichana mwenye upungufu wa damu. Hukaza mfuko wa nyongo, na mwenye mawe ndani yake anaweza kupata maumivu makali. Mwenye historia ya mawe kwenye figo naye ana sababu ya kujizuia, kwa kuwa manjano mengi huongeza chumvi za oksaleti katika mkojo.

Hata unga wa dukani una lake. Sehemu kubwa ya manjano yanayouzwa duniani hutoka India na nchi jirani, ambako wafanyabiashara wengine wamekuwa wakiyang'arisha kwa rangi ya viwandani yenye madini ya risasi. Risasi hudhoofisha akili za watoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Nchini Bangladesh, watafiti wa huko wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Stanford walipata madini hayo katika asilimia 47 ya sampuli za sokoni mwaka wa 2019. Serikali ilipowakamata na kuwatoza faini wahusika hadharani, idadi hiyo ilishuka hadi sufuri kufikia 2021. Ni nadra kuona hatua ya serikali ikizaa matunda upesi hivyo. Ikumbukwe kwamba huko mizizi mikavu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipakwa rangi, kwa hivyo kununua mizizi mikavu na kusaga nyumbani si kinga kamili. Mzizi mbichi wenye udongo wake, uliochimbwa karibu, hauna nafasi ya kupitia mikono hiyo.

Humu nchini, virutubisho na dawa za mitishamba vinavyouzwa kwa madai ya kutibu vinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, nao unga wa viungo uko chini ya viwango vya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Wakala asiyeweza kuonyesha usajili wa chupa yake hana jibu la kumpa mteja, hata awe jirani mwema namna gani.

Kwa anayependa manjano kama chakula, hakuna cha kuogopa. Kupika kwa mtindo wa kawaida, yaani kuyakaanga kidogo kwenye mafuta pamoja na vitunguu kabla ya kutia nyama au maharagwe, ndiyo njia bora ya kuyatumia, kwa sababu kurukumini huyeyuka kwenye mafuta. Chembe za pilipili manga zinazotiwa kwa ladha hazifikii kiasi kinachoweza kuvuruga dawa za hospitali kama kinavyofanya kidonge.

Anayeamua kujaribu vidonge kwa ajili ya magoti na avichukulie kama dawa. Amweleze daktari au mwuguzi kabla ya kuanza, ataje dawa zote anazotumia, na aulize kama chupa ina pilipili manga. Baada ya wiki nne, muda uliotumika Thailand, akiona goti liko pale pale, hana sababu ya kununua chupa nyingine.

Akiona macho yanabadilika rangi, aache siku hiyo hiyo na aende hospitalini, iwe Kitale au Bungoma, akiwa na chupa mkononi hata kama ni tupu. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ambayo wahudumu wa afya huijaza wanaposhuku kwamba dawa imemdhuru mgonjwa, nayo, kwa sadfa, ni ya rangi ya manjano. Chupa inahitajika kwa sababu jina pekee halitoshi kumweleza daktari mgonjwa alimeza nini: katika visa vile 10 vya Marekani, bidhaa saba zilipimwa maabarani, na tatu kati yake zilikuwa na piperini.